Filta ya kuning'iniza, kanista, sampu, au mawe hai na skima: ipi uikabidhi maji ya tenki lako la kwanza la chumvi

Kila anayeanza tenki la samaki wa maji chumvi anauliza ninunue filta gani, na anachojibiwa huwa ni majina ya vifaa tu, huyu anasema chukua kanista, yule anasema bila sampu, yaani tenki la pili la chini, usijisumbue, lakini hakuna anayemwambia kila kifaa kinaufanyia nini uchafu. Mi hizi njia nimezipitia karibu zote, nyingine zimenigharimu samaki, kwa hiyo ntazilinganisha hapa kwa kipimo kimoja nachokiamini: hiki kifaa kinautoa uchafu nje ya maji, au kinauhifadhi tu mahali nisipopaona? Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, japo kwa macho maji yote yanaonekana meupe.

Kabla ya vifaa, tuelewane nini kinaendelea mle ndani. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua, na kinyesi chake na chakula kilichobaki vikioza vinatoa amonia pia. Kuna bakteria wanaoila hiyo amonia wakaigeuza nitriti, af kuna wengine wanaoila nitriti wakaigeuza nitrati, na nitrati inabaki hapo hapo ikijilimbikiza mpaka uitoe wewe. Kwenye chumvi amonia ni kali zaidi kuliko kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, sababu pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya bahari iko juu, 8.1 mpaka 8.4, na pH ikipanda sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa katika ile hali inayopenya matamvua na kuchoma. Nitriti yenyewe kwenye chumvi haina makali hayo, manake kloridi iliyojaa kwenye maji ya bahari inaizuia kuingia mwilini mwa samaki. Waliotoka kufuga samaki wa maji baridi huwa wanaingia na hofu kubwa ya nitriti, sasa huku hofu hiyo ipeleke kwenye amonia.

Hao bakteria wanahitaji kitu cha kushika, oksijeni, na muda. Kawaida ni wiki 4 mpaka 6, na hamna filta ya aina yoyote itakayokurukisha hizo wiki hata ikiwa kubwa kama ndoo.

Filta ya kuning'iniza

Hii ni kile kiboksi kinachopachikwa nyuma ya kioo, pampu ndogo inavuta maji, yanapita kwenye sponji na kifuko cha mkaa wa filta, yanarudi kwa kumwagika juu ya uso wa maji. Uzuri wake ni kwamba kila kitu kiko mbele ya macho yako. Unainua mfuniko, unaona sponji imekuwa kahawia, unaitoa, dakika 2 umemaliza. Na ule mmwagiko unavuruga uso wa maji ukaingiza oksijeni, ambayo kwenye chumvi ni muhimu zaidi maana maji ya chumvi ya joto yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya joto lile lile.

Ubaya: sponji haitoi kitu nje. Inakamata chakula na kinyesi na kuvishikilia katikati ya mkondo wa maji, na vinaozea pale pale, maji yanapita juu yake siku nzima yakichukua kilichooza. Kwa hiyo hii filta ni nzuri kwa kiasi unachoiosha. Ukiiosha mara 2 kwa wiki uchafu unatoka kabla haujaoza wote, ukiiacha mwezi umejenga kiwanda cha nitrati mgongoni mwa tenki. Kingine ni chumvi inayotambaa: matone yanarukia kwenye ukingo yanakauka, unakuta ganda jeupe linashuka mpaka kwenye waya. Waya wa filta yoyote ya chumvi uache uning'inie chini ya soketi kwanza ndo upande, ili maji yakitambaa yadondoke chini yasiingie kwenye umeme.

Kwa tenki la lita 40 mpaka 100 lenye mawe ya matumbawe ya kutosha na samaki 2 au 3 wadogo, hii inatosha na wala usione unajipunja.

Kanista

Ndoo iliyofungwa, inakaa chini kwenye kabati, mipira miwili inapanda juu, ndani kuna matrei ya sponji, vipande vya kauri vya kukaliwa na bakteria na chochote utakachoweka. Kwenye maji baridi ni mfalme, inabeba vitu vingi, haina kelele, haionekani. Na hapo hapo kwenye kutoonekana ndo kwenye tatizo.

Mi nilianza nayo. Nilitoka nayo kwenye maji baridi ambako nilikuwa naifungua kila baada ya miezi 3 na mambo yako sawa, nikaipeleka kwenye chumvi na ratiba ile ile. Mwezi wa tatu nikaanza kuona mwani mwekundu mwembamba kama utando umelala juu ya mchanga, nikipima nitrati ile rangi inakuja nyekundu ya kukolea, ipo karibu 80 ppm (sehemu kwa milioni), nabadilisha maji leo, wiki ijayo imerudi. Nikaja kuifungua kanista. Trei ya chini ilikuwa na tope la kahawia nene kama kidole gumba, laini, ukiligusa linapanda kama wingu, na harufu yake ni ya yai viza. Miezi mitatu yote hiyo maji yangu yalikuwa yanachujwa kupitia kwenye hilo tope. Tenki lilikuwa linang'aa, mgeni akija anasifia.

Hatari ya pili ni umeme. Kanista imefungwa, kwa hiyo pampu ikisimama bakteria waliomo wanaendelea kupumua oksijeni iliyobaki mle, baada ya masaa kadhaa imeisha, wanaanza kufa, na umeme ukirudi yale maji yasiyo na oksijeni yenye sumu yanasukumwa yote kwa mkupuo kwenye tenki. Umeme ukikatika muda mrefu, chomoa kanista, na kabla ya kuirudisha mwaga maji ya ndani na usuuze sponji. Filta ya kuning'iniza au sampu ziko wazi, hazifiki huko haraka hivyo.

Sasa kama tayari unayo usiitupe. Toa zile kauri, weka sponji moja tu na mfuko wa mkaa, ifungue kila wiki, na kazi ya bakteria waachie mawe. Ukijijua we ni mtu wa kuahirisha, na kufungua kanista ni kazi ya nusu saa na maji yanamwagika sakafuni, basi ya kwako isiwe kanista. Nasema hivi kwa nia njema kabisa sababu nshaona wengi wanakata tamaa na samaki wa baharini wakati kilichowaangusha ni ratiba ya kusafisha ndoo.

Mawe hai na skima

Hii ndo njia ninayoipenda na ntakaa hapa kidogo.

Miaka ya 1960 mwanzoni kulikuwa na bwana mmoja Indonesia, Lee Chin Eng, alikuwa anafuga matumbawe kwa mawe yaliyotoka baharini na viputo vya hewa tu, wakati wengine wanahangaika na matenki matupu ya vioo. Baadaye wafugaji wa Berlin, Ujerumani wakaunganisha mawe mengi na skima (mrija wa kutoa uchafu kwa povu) yenye nguvu na taa kali, ndo maana mpaka leo utasikia watu wakiita mtindo wa Berlin. Wazo ni rahisi. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi mno. Kwenye ngozi yake maji yanapita na oksijeni ipo, hapo wanakaa bakteria wanaoigeuza amonia mpaka nitrati. Ukizama ndani ya jiwe oksijeni inaisha, huko wanakaa wengine wanaoichukua nitrati wakaigeuza gesi ya nitrojeni inayopanda na kwenda zake. Yaani jiwe linaenda hatua moja mbele ambayo sponji haiwezi, sponji inaishia kwenye nitrati.

Skima yenyewe inafanya kazi kabla ya bakteria hawajahitajika. Ni mrija mpana, pampu inachanganya hewa na maji mpaka yanakuwa meupe kama maziwa kwa wingi wa viputo vidogo vidogo, na takataka nyingi za kikaboni, protini na mafuta, zina tabia ya kung'ang'ania pale hewa inapokutana na maji. Zinapanda na kiputo, zinakuwa povu, povu linasukumana kwenye shingo ya mrija na kumwagikia kwenye kikombe juu. Kwenye maji baridi haifanyi kazi vizuri maana viputo vinaungana vinakuwa vikubwa, chumvi ndo inavifanya vibaki vidogo.

Ukitaka kuelewa kwa nini naipenda, ungenisindikiza Jumapili asubuhi kumwaga kile kikombe. Kuna maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kingo za shingo zina utando wa kijani cheusi unaoteleza, na harufu inabaki vidoleni hata ukinawa. Hicho kikombe kilikuwa kwenye maji ya samaki wangu, kingeoza, kingekuwa amonia af nitrati. Sasa kinaenda chooni. Ukirudi kwenye kile kipimo changu, katika vifaa vyote hivi hiki ndo kinachokuonyesha uchafu umetoka nje kwelikweli, unaushika mkononi.

Kasoro zake zipo. Inapiga kelele kiasi, siku za kwanza ikiwa mpya inafanya mambo ya ajabu, mara povu hamna kabisa mara inafurika kikombe kwa dakika chache, unaiacha wiki izoee usiizungushe koki kila saa. Mafuta yanaiua: ukitia mkono wenye losheni au chakula chenye mafuta mengi povu linazimika, linarudi baada ya masaa kadhaa. Dawa nyingi za maji zinaifanya ifurike. Na lita zilizoandikwa kwenye boksi usizichukulie kama ahadi, mi kwa tenki la lita 100 natafuta iliyoandikwa 150 mpaka 200. Zipo za kuning'iniza pembeni ya kioo kwa wasio na sampu.

Kiasi cha mawe, hesabu ya zamani inayotembea ni kama kilo 1 kwa kila lita 8 mpaka 10, lakini jiwe jepesi lenye matundu linafanya kazi ya mawe mawili mazito, kwa hiyo lishike mkononi kwanza. Af kuna ugomvi wa mawe hai na mawe makavu. Mawe hai yaliyotoka baharini yanakuja na bakteria tayari, konokono, minyoo, mwani wa waridi mzuri, ila yanaweza kuja pia na Aiptasia, wale anemoni wadogo wa kahawia wanaozaliana kama magugu na kuwachoma majirani, na kaa wanaowinda usiku. Makavu hayana mgeni yeyote na hayachukui kitu kutoka kwenye mwamba ulio hai, ila yanaanza na sifuri, yanachelewa kukomaa, miezi kadhaa utapita kwenye mwani wa vumbi la kahawia, af wa nywele za kijani, na mengine yanatoa fosfati iliyokuwa imelala ndani. Kwa anayeanza mi ningesema makavu mengi na kipande kimoja viwili vya hai kutoka tenki la mtu unayeliona kwa macho yako kuwa ni safi.

Sampu

Watu wanaisema kama filta lakini sampu ni tenki la pili tu, liko chini kwenye stendi, maji yanashuka kwa bomba na pampu inayarudisha juu. Faida yake ni nafasi. Skima, hita, mkaa vyote vinashuka chini, juu panabaki samaki na mawe. Maji yanaongezeka, tenki la 150 na sampu ya 50 ni lita karibu 200, na maji mengi yanachelewa kuharibika. Na kwa kuwa maji yanayopungua yanaonekana kwenye sampu peke yake, juu usawa haubadiliki.

Unaweza pia kutenga chumba humo cha mwani na kaitaa kake. Chaetomorpha, ule unaofanana na nyuzi za plastiki zilizovurugika, unakula nitrati na fosfati ukinenepa, wewe unavuna konzi unatupa, kwa hiyo nao unapita kwenye kipimo changu: uchafu umegeuka majani na majani yametoka nje. Taa yake washa usiku wakati ya juu imezimwa, inasaidia pH isishuke sana gizani. Caulerpa nao unakua haraka ila siku ukiamua kuzaa unageuka mweupe na kumwaga kila ilichokula kwenye maji, na tena ni mmea msumbufu nje ya kwao, Caulerpa taxifolia ilionekana kwenye Mediterania karibu na Monaco mwaka 1984 na ikaja kutapakaa sehemu kubwa, kwa hiyo usimwage mabaki yake kwenye mtaro wala baharini.

Ubaya wa sampu ni mabomba, na mafuriko. Pampu ikizima, maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka usawa ufike chini ya mdomo wa bomba, na yote hayo yanatakiwa kupata nafasi chini. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya chumvi, jaza maji, washa, af zima pampu kwa makusudi ukae uangalie sampu inapanda mpaka wapi. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito pale unapotakiwa usizidishe. Kuna watu wanaruka hili zoezi la dakika 5 af wanalifanya usiku wa manane wakiwa na matambara. Na kama unatumia soksi ya kuchujia mdomoni mwa bomba, badilisha kila siku 3 au 4, vinginevyo ni ile habari ya sponji tena.

Chini ya lita 100 mi nisingehangaika na sampu. Kuanzia 150 kwenda juu, kama stendi inaruhusu, inafaa, na ni rahisi kuipanga mwanzo kuliko kuja kutoboa kioo baadaye.

Hesabu ndogo iliyonifanya nichague

Tuseme tenki lako linazalisha nitrati 5 ppm kwa wiki, na unabadilisha maji asilimia 10 kila wiki kama unavyoshauriwa. Watu wanadhani nitrati itakuwa karibu na sifuri. Haiwi. Itapanda taratibu mpaka ifike 50, maana ndo pale ambapo asilimia 10 unayoitoa inalingana na 5 inayoingia. Ukibadilisha asilimia 20 kila wiki itatulia 25. Sasa weka skima na mawe na sponji inayooshwa, uzalishaji ushuke kutoka 5 mpaka 2, na ile asilimia 10 yako ile ile inakuletea 20 bila kubeba ndoo ya ziada. Samaki peke yao wanavumilia 20 mpaka 40, matumbawe wengi wanataka chini ya 10. Kwa hiyo filta inayotoa uchafu inakupunguzia ndoo, na inayouhifadhi inakuongezea, kazi haipotei inahama tu.

Na kama umeshafika 80 usidhani asilimia 10 itakuokoa leo, itakupeleka 72. Punguza kwa hatua, asilimia 25 leo, 25 baada ya siku 3, samaki aliyezoea maji machafu ukimbadilishia yote kwa mara moja unaweza kumpoteza.

Maji yenyewe: bomba, bahari, au RO

Filta nzuri haiwezi kuokoa maji yaliyoingia mabaya. Maji ya bomba yana klorini, ambayo dawa ya kuondoa klorini inaitoa, lakini mengine yana kloramini, hiyo haiondoki kwa kuacha maji yakae, na dawa ikiivunja inaacha amonia. Mabomba ya shaba yanaacha shaba, kiasi ambacho samaki hajali lakini konokono, kamba na matumbawe wanakufa. Silika na fosfati zinalisha mwani wa kahawia. Kwa tenki la samaki tu unaweza ukaendesha na maji ya bomba mazuri, ila kwa matumbawe usijaribu.

Maji ya bahari ni mazuri sana yakiwa safi, ndo maji yenyewe, ila yasichotwe karibu na mdomo wa mto, bandari, wala baada ya mvua kubwa, na yapime chumvi kila mara maana ufukweni inabadilika. Mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, yenye hatua ya mwisho ya rezini (punje zinazonasa kilichobaki) inakupa maji karibu matupu, TDS (kipimo cha vitu vilivyoyeyuka) 0, unachanganya na chumvi ya pakiti na kila ndoo inafanana na ya jana. Inamwaga maji kiasi, mara nyingi lita 3 au 4 kwa kila 1 safi, hayo kusanya ufulie au umwagilie. TDS ikianza kupanda kutoka 0 badilisha rezini. Kwa mtu anayeanza kufanana kwa ndoo ndo kitu kikubwa, kwa hiyo mi nasimama na RO.

Chumvi ni kama gramu 35 mpaka 38 kwa lita kutegemea pakiti, lengo 35 ppt (sehemu kwa elfu), yaani 1.025 au 1.026 kwenye kipimo cha uzito wa maji. Tia chumvi kwenye maji, kwenye ndoo yenye pampu na hita, iache izunguke mpaka maji yawe angavu, mi huacha mpaka kesho yake. Kamwe usimwage chumvi kavu kwenye tenki lenye viumbe.

Na hili naomba lisikupite: maji yakipungua kwa kukauka chumvi haiondoki. Tenki la lita 100 lina chumvi kilo 3.5. Likikausha lita 1 kwa siku, baada ya wiki zimebaki lita 93 zenye kilo 3.5 ile ile, umefika karibu 37.6. Ukijaza kwa maji ya chumvi unazidi kupandisha kila wiki. Jaza na maji ya RO matupu, kidogo kidogo, kila siku.

Vipimo

Vijiti vya karatasi ni haraka, lakini rangi zake zinakupa makadirio mapana mno, ukiambiwa amonia ni kati ya 0 na 0.5 hujaambiwa kitu. Vya matone vinakula muda zaidi na ndo ninavyovitumia. Ila fuata maelezo: kwenye vingi vya nitrati kuna chupa yenye unga unaotuama chini, usipoitikisa kwa nguvu zile sekunde zilizoandikwa, na mrija baadaye pia, kipimo kinasoma chini na wewe unalala usingizi ukidhani una 5. Soma rangi mchana, karatasi nyeupe nyuma, sio chini ya taa ya bluu ya tenki.

Kwa chumvi, haidromita ya mshale ni ya plastiki, viputo vinaganda kwenye mshale vinauinua na inasoma juu. Igonge gonge itoe viputo. Refraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda, inataka matone 2 tu na ni sahihi zaidi, basi iwe imewekwa sawa kwa maji maalumu ya 35 ppt, ukiiweka sawa kwa maji matupu peke yake inaweza kusoma kombo huko juu. Kati ya hizi mbili kama hela inatosha kimoja tu kizuri, iwe hii.

Kalsiamu, magnesiamu na alkali ziache mpaka uwe na matumbawe magumu, kabla ya hapo kubadilisha maji kunazirudisha.

Ningechagua nini

Tenki la lita 60 au 80, mara yangu ya kwanza: mawe, filta ya kuning'iniza yenye sponji na mkaa, pampu ndogo ya kusukuma maji ndani, na asilimia 15 mpaka 20 kila wiki, maana kwenye maji machache kubadilisha kwenyewe ni rahisi na skima ndogo sana nyingi zinasumbua. Lita 100 mpaka 150 bila sampu: mawe na skima ya kuning'iniza, sponji kidogo. Lita 200: sampu, skima ndani yake, mwani kama una hamu. Na nikiulizwa kati ya hizo tatu mgeni aanze na ipi, ni ile ya katikati, lita 120 hivi, inasamehe kosa la chakula kingi ambalo lita 60 haisamehi.

Kanista sijaiweka popote, unajua sababu.

Ukishapanga, tia amonia ya matone mpaka 2 ppm bila samaki yeyote ndani, subiri, pima kila siku 2. Siku ambayo umetia 2 jioni na kesho yake jioni amonia ni 0 na nitriti ni 0, tenki limekomaa. Badilisha maji mengi kupunguza nitrati, weka samaki 1, mdogo na mgumu, mfano wale wa anemoni wa rangi ya chungwa waliofugiwa matenkini. Mlishe kidogo, pima amonia kila siku wiki ya kwanza. Wa pili baada ya wiki 2 au 3, na kabla hujamleta kamwage kikombe cha skima uone rangi imebadilika kiasi gani tangu huyu wa kwanza aingie.